Shairi Lililoomba Merikebu Izamishwe

Katika orodha ya mashairi yanayosifiwa kwamba yalitenda jambo duniani, na si kusomwa tu, "Old Ironsides" la Oliver Wendell Holmes huwekwa karibu na juu kabisa. Lilichapishwa tarehe 16 Septemba 1830 katika gazeti la Boston Daily Advertiser, likanakiliwa upesi na magazeti ya miji mingine ya Marekani, na tangu hapo husimuliwa kwamba ndilo lililoiokoa merikebu ya vita Constitution isivunjwe. Mtungaji alikuwa kijana wa miaka 21, aliyekwisha kuijaribu sheria na akawa anageukia utabibu. Merikebu hiyo ingali inaelea Charlestown, katika bandari ya Boston, na bado imeandikishwa katika Jeshi la Majini la nchi yake. Ushahidi upo majini, na wageni huupiga picha kila siku.

Ila shairi lenyewe halikuomba merikebu iokolewe. Liliomba izamishwe.

Wanaolikariri kwa mazoea hulipita jambo hili bila kusita. Shairi lina beti tatu, na kila ubeti una mishororo minane. Ubeti wa kwanza waanza kwa amri ya kushusha bendera iliyochakaa. Ni kinaya, maneno ya mtu anayemwambia mwenzake atende kile ambacho wote wawili wanajua ni aibu kukitenda. Ubeti wa pili wapanda sitahani, wakumbuka damu ya mashujaa na adui aliyepiga magoti, kisha wawageukia wale watakaoinyofoa merikebu ufukoni na kuwafananisha na majoka-ndege wa ngano za Kiyunani, wenye uso wa mwanamke na kucha za kunyakulia. Katika ubeti wa tatu kinaya chatoweka. Nafsi inayosema yatamka haja yake waziwazi: afadhali kiunzi hiki kiende chini ya mawimbi, bendera ipigiliwe misumari mlingotini, matanga yote yatandazwe, na chombo kikabidhiwe dhoruba. Hakuna mshororo unaotaja gudi, fundi wala kalafati. Holmes aliwapa wasomaji wake njia mbili, kuvunjwa kwa aibu au kuzama kwa heshima, nao wakachukua ya tatu ambayo hakuitaja.

Aghalabu shairi la tukio husahau kuuliza kama tukio lenyewe ni la kweli. Siku mbili kabla, gazeti lile lile lilikuwa limetangaza kwamba wakubwa wa Jeshi la Majini wanakusudia kuiuza au kuivunja Constitution. Habari hiyo haikuwa sahihi. Kilichokuwapo ni ukaguzi wa merikebu zilizolazwa, na makadirio kwamba matengenezo ya hii yangezidi dola 157,000, ambayo ni zaidi ya nusu ya dola 302,718 zilizotumika kuiunda. Kijana wa Cambridge aliujibu uvumi. Wino ulimwagika, watu wakahamaki, na Waziri wa Jeshi la Majini, John Branch, akaidhinisha fedha. Tarehe 24 Juni 1833 merikebu iliingizwa katika gudi jipya la Charlestown, Makamu wa Rais Martin Van Buren akiwa miongoni mwa watazamaji, na Isaac Hull, aliyekuwa nahodha wake mwaka 1812, akiisimamia kutoka sitahani.

Wapenzi wa ushairi wa mwambao hawahitaji kufundishwa nguvu ya utungo wa tukio. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, aliishi katika miaka hiyo hiyo, na tungo zake nyingi zilizaliwa katika ugomvi wa Mazrui na Sayyid Said, wakati ambapo tanga likionekana upeoni lilikuwa habari ya mauti au ya biashara. Tofauti yake na Holmes inafaa kutazamwa. Muyaka akizungumzia vita, mji una jina lake, na anayepigwa fumbo hujijua. Katika mishororo 24 ya Holmes hakuna jina la vita, wala la nahodha, wala la baharia, wala la bahari. Hata jina la merikebu halimo ndani ya beti. Lililopo ni lile la utani, nalo li katika kichwa cha shairi tu. Ukimpa mtu asiyejua lolote shairi hili, atajua kwamba kulikuwa na chombo kikuukuu na damu juu yake. Zaidi ya hapo hana kitu.

Kilichoachwa nje ni kingi mno. Constitution ilikuwa moja ya frigeti sita zilizoamriwa na sheria ya tarehe 27 Machi 1794. Frigeti ilikuwa merikebu ya vita ya milingoti mitatu, nyepesi kuliko zile manowari kubwa za safu mbili au tatu za mizinga, ikitumwa kupeleleza, kulinda misafara na kuwinda. Joshua Humphreys alizichora zake kubwa kuliko desturi, na mataruma yake yakawa ya mwaloni wa kusini, mti mgumu uliokatwa katika pwani ya Georgia, watumwa wakiwamo miongoni mwa waliofanya kazi hiyo. Mbavu za Constitution katika baadhi ya sehemu zilizidi nusu mita kwa unene. Iliundwa Boston katika kiwanja cha Edmund Hartt, ikagoma kuteremka mwezi Septemba 1797, na ikashuka majini tarehe 21 Oktoba katika jaribio la tatu. Ilipigana na Wafaransa katika vita visivyotangazwa, ikaenda Bahari ya Kati chini ya Edward Preble na kuipiga Tripoli kwa mizinga mwaka 1804.

Sifa yake kubwa ni ya mwaka 1812. Mwezi Julai ilizungukwa na kundi la manowari za Kiingereza wakati upepo umekufa. Mabaharia wakashusha mashua, wakapeleka nanga mbele, wakaitupa, kisha wakaivuta merikebu kwa kamba mpaka ilipo nanga. Wakarudia tena na tena, kwa zaidi ya siku mbili, hadi wakaponyoka. Kwa mtu aliyewahi kulala baharini katika shwari, hili ni tendo kubwa kuliko kufyatua mizinga, maana ni mikono mitupu dhidi ya ukimya wa mbingu. Holmes hakuligusa. Tarehe 19 Agosti ikaipiga Guerriere, frigeti ya Kiingereza, na ndipo baharia mmoja, alipoona risasi za mizinga zikidunda ubavuni, alipodaiwa kupaza sauti kwamba mbavu hizi ni za chuma. Tarehe 29 Desemba, katika pwani ya Brazil, ikaivunja Java, na nahodha wa Java, Henry Lambert, akafa kwa jeraha lake. Tarehe 20 Februari 1815, chini ya Charles Stewart, ikazikamata Cyane na Levant kwa pamoja, wakati ambapo mkataba wa amani ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi Ghent na waliokuwa baharini hawakuwa na habari.

Mhakiki mwadilifu hawezi kuyapita haya bila kusema kwamba pambano na Guerriere halikuwa la sawa kwa sawa. Constitution ilihesabiwa kuwa ya mizinga 44 na ikabeba zaidi ya hiyo, na mizinga yake mikuu ilirusha risasi za ratili 24 dhidi ya zile za ratili 18. Ushindi haukuwa muujiza. Ulianza mezani kwa Humphreys na msituni Georgia. Lakini shairi linalomtaka adui apige magoti halipendi hesabu. Vivyo hivyo halipendi majina ya waliokufa. Upande wa Constitution walifariki saba siku ile, akiwamo Luteni William Bush wa askari wa majini, na damu ambayo ubeti wa pili waitukuza ilikuwa na wenyewe. Katika mabaharia hao walikuwamo pia watu weusi, waliokuwa huru sitahani kwa namna ambayo hawakuwa huru barabarani. Neno "mashujaa" limewafunika wote kwa shuka moja.

Wanaolitetea shairi watasema kwamba ufupi wake ndio uliolisafirisha, na kwamba majina mengi yangelizamisha. Hoja hiyo ina uzito. Shairi la gazeti lina siku moja ya kuishi, na Holmes alilipa mapigo ya ngoma ili lisifie mikononi mwa msomaji. Hata hivyo kuna la kulipia: tangu mwaka 1830 merikebu hii imekumbukwa kama shairi lilivyoiacha, chombo cha vita kimoja kisicho na jina, ilhali maisha yake marefu zaidi yalikuja baada ya shairi.

Safari iliyo karibu na wasomaji wa visiwani ndiyo mfano bora. Tarehe 29 Mei 1844 Constitution ilitoka New York chini ya nahodha John Percival, ambaye mabaharia walimpa jina la utani la Jack Mwendawazimu, kuizunguka dunia. Ilipita Brazil, ikazunguka kusini mwa Afrika, ikafika Madagaska na Msumbiji, na kabla mwaka haujaisha ilitia nanga Zanzibar. Haikuwa bandari ngeni kwa Wamarekani. Mkataba wa biashara baina ya nchi yao na Sayyid Said ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1833, na wafanyabiashara wa Salem, mji ulio jirani na Boston, walikuja kuchukua sandarusi, pembe za ndovu na ngozi, wakileta kitambaa ambacho mpaka leo kwa Kiswahili chaitwa merikani. Miaka minne kabla, tarehe 30 Aprili 1840, Sultana, merikebu ya Sayyid Said, ilikuwa imeingia New York chini ya Ahmad bin Naaman, na ikafanyiwa matengenezo katika kiwanja cha Jeshi la Majini la Marekani. Kwa hiyo frigeti iliyoimbwa ilifika katika bandari ya chombo kilichokwisha kukalafatiwa na watu wake yenyewe, pasipo mtu yeyote kukitungia shairi kule. Ushairi wa Boston haukuyaona haya. Neno merikani liliyaona, likayahifadhi katika maduka ya nguo na katika midomo ya washonaji.

Kutoka Afrika iliuvuka Bahari ya Hindi, homa na kuhara damu vikaua baadhi ya mabaharia, na ikafika Singapore tarehe 8 Februari 1845. Mwezi Mei, huko Tourane, ambayo sasa ni Da Nang katika Vietnam, Percival alisikia kwamba askofu Mfaransa yumo kifungoni, akateremsha watu wenye silaha, akawashika wakubwa wa mji kuwa rehani, kisha akalazimika kuwaachia na kuondoka bila askofu. Alirudi Boston mwezi Septemba 1846, baada ya maili zaidi ya 52,000. Mwaka 1853 merikebu hii ilikuwa katika pwani ya magharibi ya Afrika ikizuia biashara ya watumwa, na tarehe 3 Novemba ikaikamata H. N. Gambrill, chombo cha Kimarekani kilichokuwa katika biashara hiyo. Hiki ndicho chombo cha mwisho ilichokiteka maishani mwake. Mataruma yaliyokatwa kwa jasho la mtumwa yakamkimbiza mwenye kununua watumwa. Mshairi mwenye jicho angeona humo utenzi mzima. Holmes alikuwa hai, akifundisha elimu ya mwili katika Chuo Kikuu cha Harvard, na hakurudi kulifungua tena shairi lake.

Alichotunga badala yake, mwaka 1858, ni shairi la mzaha juu ya gari la farasi lililoundwa kwa hekima ya ajabu, kila kiungo kikiwa na nguvu sawa na kingine, hata lisiweze kuharibika popote. Likadumu miaka mia moja kamili, na siku hiyo likaporomoka lote kwa mara moja likawa vumbi. Ukiyasoma mashairi haya mawili pamoja, unamwona mtu mmoja: Holmes hakupenda vitu vizeeke kidogo kidogo. Gari lazima livunjike lote, merikebu lazima izame yote. Kiraka hakikuwa na nafasi katika dhana yake ya uzuri. Na kiraka ndicho kilichoiweka Constitution hai.

Hapa inafaa kusitasita kidogo juu ya ule ufuko ambao ubeti wa pili waulaani. Kwa watu wa mwambao wa Afrika Mashariki jahazi lililochoka huvutwa pwani, mbao njema huondolewa, misumari hunyoshwa, na mlingoti huenda kushikilia paa la mtu. Hakuna anayemwita fundi huyo joka-ndege. Tusi la Holmes, basi, halivuki bahari bila kupungua makali, na msomaji wa Lamu au Pemba ana haki ya kuuliza ni dhambi gani hasa iliyotendwa na mwenye shoka. La kushangaza ni kwamba waliolipenda shairi ndio waliotenda lile lililolaaniwa. Katika matengenezo ya mwaka 1833 mbao zilizoondolewa zilichongwa fimbo za kutembelea, zikatolewa zawadi kwa wakubwa. Katika miaka ya 1920, watoto wa shule walipochanga senti zao kwa ajili ya ukarabati mkubwa, vipande vya merikebu viligeuzwa vikumbusho vya kuuzwa ili fedha ziongezeke. Inakadiriwa kwamba leo ni kati ya asilimia 10 na 15 tu ya mbao zake ndizo za asili. Tai wa bahari amenyofolewa manyoya karibu yote, unyoya mmoja mmoja, na kila aliyeunyofoa alikuwa akiimba.

Mtu mmoja tu wa serikali ndiye aliyekaribia kuutii ubeti wa tatu. Mwaka 1905 Charles Bonaparte, Waziri wa Jeshi la Majini, na ambaye babu yake alikuwa ndugu wa Napoleon, alipendekeza kwamba Constitution, iliyokuwa imekaa na kuchakaa, ivutwe hadi bahari kuu na kutumiwa kuwa shabaha ya mizinga mpaka izame. Ukiondoa uchungu wa nyakati zile, pendekezo hilo ni lile lile la Holmes: kaburi la maji, mizinga kwa matanga, na hapana shoka la ufukoni. Watu waliolijua shairi kwa moyo walimzomea. Mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Armenia, Moses Gulesian, alitoa ahadi ya dola 10,000 ainunue, na mwaka 1906 Kongresi ikatenga dola 100,000 kwa matengenezo. Hakuna mtu katika kelele hizo aliyesimama kusema kwamba Waziri alikuwa amesoma vizuri.

Lau shairi hili lingeletwa katika Kiswahili, umbo lake lingekuwa jepesi kuliko maana yake. Mishororo ya Holmes hupishana, mmoja wa mizani minane na mmoja wa sita, na kina huanguka mwishoni mwa ule mfupi. Ukiiunganisha miwili miwili, unapata mishororo minne ya mizani kumi na nne kwa kila ubeti, na masikio ya mwambao yatatambua papo hapo kwamba mbele yake imesimama tarbia iliyopungukiwa mizani miwili. Mfasiri atalazimika kuujaza ule utao mfupi na kutafuta vina vya kati ambavyo Holmes hakuvihitaji. Kazi ngumu, ila yenye njia. Kinaya cha mwanzo pia kina dawa, maana "haya" ya Kiswahili, ikitamkwa na mtu aliyekasirika, hubeba ruhusa na karipio kwa pamoja. Kitakachopotea ni ule uke wa merikebu. Kiingereza humwita chombo "yeye" wa kike, na huruma ya shairi yote imeegemea hapo. Kiswahili kina ngeli, hakina jinsia, na kumtia "bibi" kwa nguvu kungelifanya shairi kichekesho. Jina la utani nalo lingeweza kuwa Mzee Mbavu za Chuma, kwa kuwa ubavu kwa Kiswahili ni wa mtu na wa chombo sawia, na kwa kuwa "mzee" hutoa heshima palepale inapotaja uchakavu.

Mwisho wa shairi ndio utakaomkesha mfasiri. Holmes humwita mungu wa dhoruba, kwa desturi ya Kiyunani, na wasomaji wa visiwani hawataupokea mshororo huo bila kujikunja. Kuna watakaoandika pepo, na kuna watakaoiacha tufani yenyewe ipokee, ambayo pengine ndiyo njia iliyo salama zaidi kwa imani na kwa sauti. Lakini kitenzi chenyewe hakina pa kujificha. Kwa Kiingereza amri ya kutoa inaweza kumwelekea yeyote au asiwepo wa kuipokea. Kwa Kiswahili mfasiri atalazimika kuchagua kati ya "ipe" na "ipeni". Akiandika "ipeni", amewaita wasomaji wa gazeti la tarehe 16 Septemba 1830, wote kwa pamoja, na kuwaambia waende wakaizamishe merikebu yao.